Kompyuta ilisema vitabu 3,846 havisomwi, Mama Toroli akagoma

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mlango mkubwa wa maktaba bado umefungwa na watu tisa wanasubiri kwenye ngazi. Ndani, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na miwili anapangusa meza ya tatu kwa kitambaa chenye unyevu, anasogeza viti, kisha anavuta toroli ambalo gurudumu lake moja linalia. Shingoni, kwa kamba ya kiatu, amening'iniza mashine ndogo ya kumulika vibandiko vya vitabu.

Anafungua mlango. Hasemi karibuni.

"Mkimaliza kusoma, acheni vitabu mezani," anawaambia wanaoingia. "Ole wake nitakayemkuta anarudisha kitabu kwenye rafu mwenyewe. Tutagombana asubuhi asubuhi."

Fundi wa majokofu, aliyetangulia mbele ya wenzake, anacheka mpaka anashika ukuta. "Mama, nyumbani nafokewa nisipoondoa sahani mezani. Hapa nafokewa nikiondoa kitabu. Mwanamume atakaa wapi duniani?"

"Atakaa meza ya pili, karibu na dirisha. Nenda."

Maktaba nzima inamwita Mama Toroli. Kazi yake kwa miaka kumi na mmoja imekuwa kuokota vitabu vilivyoachwa mezani na kuvirudisha mahali pake. Ni kazi ambayo hakuna anayeiona mpaka isipofanyika. Siku hizi, hata hivyo, kila mtu anaiona, kwa sababu Mama Toroli amesimama katikati ya vitabu vyake na gari la karatasi chakavu, na amekataa kupisha.

Zimebaki siku ishirini na saba. Zikiisha, kila kitabu kitakachokuwa bado kwenye orodha ya kuondolewa kitapakiwa, kitapelekwa kiwandani na kusagwa. Mkataba wake wa kibarua nao unaisha siku hiyohiyo.

Hakuja hapa kushika vitabu. Alikuja kufagia, akiwa na elimu ya darasa la saba na mtoto wa mwisho mgongoni. Kwa kuwa alikuwa anapangusa vumbi kwenye rafu kila siku, namba zilizoandikwa kwenye migongo ya vitabu zikamkaa kichwani. Baada ya miezi minne alikuwa anamwelekeza mgeni kwenye kitabu cha ufugaji wa nyuki akiwa ameinama na fagio, bila kuinua uso.

"Nilijua vitabu vinakaa wapi kabla sijajua ndani vina nini," anasema. "Kama majirani. Unajua nyumba ya fulani ni ile, hata kama hujawahi kuingia."

Akapewa toroli. Hakupewa ajira. Tangu siku hiyo mkataba wake unaandikwa upya kila baada ya miezi mitatu, na mshahara, kwa maneno yake mwenyewe, "unaniaga tarehe kumi na nane, tunaonana tena mwezi ukiisha." Mumewe ni seremala. Wamelea watoto wanne katika vyumba viwili vya kupanga, na hakuna hata mmoja aliyekosa shule. Ukimuuliza waliwezaje, anakukata jicho. Si swali analolipenda.

Miaka mitatu iliyopita maktaba ilibadilisha namna yake ya kutunza kumbukumbu. Makabati ya kadi, droo arobaini na nane zilizojaa mwandiko wa wakutubi waliokwisha kustaafu, yalitolewa ukumbini. Kila kitabu kilibandikwa kipande cha karatasi chenye mistari myeusi, na taarifa zake zikaingizwa kwenye kompyuta. Wafanyakazi wote waliitwa kwenye mafunzo ya siku mbili.

Mama Toroli alihudhuria nusu siku.

"Mkufunzi alisimama mbele yetu na tai yake, akasema kitabu kisichoazimwa miaka mitatu ni kitabu kilichokufa," anakumbuka. "Nikamtazama. Nikabeba mkoba wangu. Nikarudi mezani, maana huko kulikuwa na watu wanasoma hivyo vitabu vyake vilivyokufa."

Hapa ndipo msomaji anapaswa kuelewa jambo moja kuhusu maktaba hii. Kuazima kitabu kunahitaji kadi, na kupata kadi kunahitaji barua ya mwajiri pamoja na bili ya umeme yenye jina lako. Mpangaji hana bili yenye jina lake. Kibarua hana barua ya mwajiri. Fundi wa majokofu, mshona nguo, mwanafunzi anayeishi kwa shangazi yake, wote hawa wanaruhusiwa kuingia na kusoma mpaka macho yaume, ila kitabu hakivuki mlango. Kwa hiyo wanasoma humohumo, wanaandika kwenye daftari, wanaacha kitabu mezani na kwenda zao.

Mama Toroli mwenyewe, baada ya miaka kumi na mmoja, hana kadi.

Orodha ilitoka mwanzoni mwa mwaka. Mkuu wa maktaba, kijana wa miaka thelathini na sita mwenye shahada mbili na sauti ya upole, aliibandika kwenye mlango wa ofisi. Vitabu 3,846, karibu vyote vya ukumbi mkubwa, havikutumika hata mara moja ndani ya miaka mitatu. Gari lingekuja Ijumaa.

Hakuwa na nia mbaya, na ni haki kusema hivyo. Ofisini kwake kulikuwa na maboksi mia mbili ya vitabu vipya, yamepangwa mpaka usawa wa dirisha, na hapakuwa na rafu ya kuviweka. "Nilikuwa natembea ubavu ubavu kufika kwenye kiti changu," anasema mkuu huyo. "Rafu hazizai rafu. Kitu kilipaswa kutoka, na mfumo ulinionyesha kipi kitoke."

Ijumaa ilipofika, Mama Toroli alilisukuma toroli lake mpaka mlango wa nyuma, akaliegesha kwa ubavu, akafunga breki na kukaa juu yake.

Wapakiaji wawili walisimama na makoti yao ya kazi wasijue la kufanya. Mmoja alimsihi: "Mama, tunaomba njia."

"Njia iko mbele. Ya nyuma imejaa."

"Wewe ndiye nani hapa?"

"Mimi ndiye niliyevipanga. Kama mna nguvu, nibebeni na mimi mkanisage."

Hawakumbeba. Gari liliondoka tupu, na saa nane mchana Mama Toroli alikuwa na barua ya onyo mkononi. Wenzake walimnong'oneza kwamba mwenye nguvu mpishe. Yeye akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni na kwenda kuokota vitabu.

Jumatatu mkuu alimwita ofisini. Alimgeuzia kompyuta ili aone mwenyewe, na kilichofuata wote wawili wanakisimulia kwa namna moja, jambo ambalo ni nadra watu wakigombana.

"Tazama, mama," mkuu alimwambia. "Kuazimwa, sifuri. Kusomwa ndani, sifuri."

"Kusomwa ndani sifuri? Mwanangu, juzi Jumamosi peke yake nimeokota vitabu sitini na kitu mezani!"

"Ulivimulika?"

"Nilivirudisha mahali pake."

"Kabla ya kuvirudisha, ulivimulika? Unamulika, unabonyeza kimesomwa ndani, ndipo unarudisha."

Hilo Mama Toroli hakuwahi kufundishwa. Kilikuwa kipengele cha siku ya pili ya mafunzo.

Kompyuta haikuwa imevionea vitabu vyake. Ilikuwa tayari kuhesabu kila kilichosomwa mezani, na kuna mtu mmoja tu aliyepaswa kuiambia. Mtu huyo alikuwa anajivunia kasi yake. Msomaji alikuwa hajafika mlangoni, meza imeshakuwa safi na kitabu kimesharudi kwenye rafu, bila kumulikwa, mara sitini kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa miaka mitatu.

Katika chumba cha watoto, ambako mhudumu ni mwanamke mnene mcheshi asiyependa haraka, vitabu vilikuwa vinalala mezani mpaka jioni vikisubiri kumulikwa vyote kwa pamoja. Huko hakukuwa na kitabu hata kimoja kwenye orodha.

"Miaka yote nilikuwa namsema yule dada kwamba ni mvivu," anasema Mama Toroli, na anacheka kicheko kisichokuwa na raha. "Mvivu kaviokoa vyake. Mimi mchapakazi nimeviua vyangu kwa mikono hii hii."

Siku hiyo alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu. Mumewe alidhani amefukuzwa kazi. Alipoambiwa habari yenyewe, aliweka randa chini, akafikiri kidogo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akamwambia. "Ila nguo ni yako, mke wangu. Unaweza kuivua."

Asubuhi yake, kwenye kikao cha wafanyakazi, Mama Toroli alinyanyuka na kusema yote. Hakumung'unya maneno wala hakumtupia mkufunzi lawama. Mficha uchi hazai, aliwaambia. Orodha ni ya uongo, na mwongo ni mimi. Nipeni siku tisini na hiyo mashine, niseme kweli.

Mkuu anakiri kwamba alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa maneno hayo. Alimpa siku tisini kwa masharti mawili. La kwanza, kitabu kitatoka kwenye orodha kikisomwa na mtu kweli, si vinginevyo. La pili lilikuwa zito zaidi: vitakavyobaki, Mama Toroli atavisukuma mwenyewe mpaka kwenye gari.

"Nikasema sawa," anasimulia. "Nilisema kwa sauti kubwa."

Wiki ya kwanza, yule mhudumu wa chumba cha watoto alimvuta pembeni. Alimwonea huruma. "Dada yangu, unajitesa bure. Chukua mashine, pita kwenye rafu, mulika vyote. Siku mbili umemaliza. Nani atajua?"

Mama Toroli anasema hakuwahi kumkasirikia mtu aliyemtakia mema kama alivyomkasirikia siku ile.

"Nikipita namulika visivyosomwa, nitakuwa nimekubali kwamba kweli havisomwi na vinahitaji kupigiwa kura za wizi," anasema, na sauti yake inapanda mpaka msomaji wa meza ya nne anageuka. "Sitaki huruma ya mtu. Nataka hesabu iliyo sahihi. Vitabu vyangu vina watu!"

Basi akawafuata hao watu. Kila Jumapili, siku yake pekee ya mapumziko, binti yake wa tatu anamwandikia orodha fupi kwa kalamu nene, na yeye anazungusha. Gereji zimepata orodha ya vitabu vya injini. Vibanda vya washonaji vimepata ya vitabu vya kukata nguo, na zahanati ya afya ya mama na mtoto imepata ya ukunga. Chini ya kila karatasi pameandikwa: Kuingia bure. Ukimaliza, acha mezani.

Fundi wa majokofu aliikuta karatasi yake imebandikwa kwenye nguzo mbele ya kibanda chake. Alidhani ni tangazo la mganga. Sasa ana wiki saba anakuja kila asubuhi kabla ya kufungua kazi, na amefika kitabu cha nne kati ya kumi na vinne. "Nilikuwa nabadilisha mashine nzima ya jokofu kwa tatizo la kipande kidogo hivi," anasema akionyesha ncha ya kidole. "Wateja wangu wakijua, watanidai roho."

Mwanafunzi wa uuguzi anayekaa pembeni yake anasema kitabu anachokitegemea kilikuwa ukurasa wa pili wa orodha ya kusagwa. Kwenye simu amekipata, lakini michoro haionekani mpaka aikuze, na akiikuza bando linaisha. "Hapa naufungua mchoro wote mezani. Nauona mwili wa mtu mzima mara moja."

Kigumu kuliko vyote kilikuwa rafu ya mwisho, majalada mia moja thelathini na moja ya vipimo vya mvua. Ndani hakuna sentensi, ni safu za tarakimu tu, mwaka baada ya mwaka. Mama Toroli alikiri kwamba hajawahi kuliokota hata moja mezani, na wenzake wakamwambia haya yaache yaende. Hata mumewe, ambaye hutania kwamba ameoa mwanamke mwenye watoto elfu nne, alimwambia kila ukoo una watoto wasioolewa.

Akashika kani. Alizunguka siku tatu baada ya kazi akiuliza nani duniani anahitaji kujua mvua ya zamani, na siku ya nne akawafikia wachimba visima.

Walikuja wawili, mtu na shemeji yake, wakiwa na tope kavu kwenye viatu, wakasimama mlangoni wakiona haya kukanyaga sakafu. Mama Toroli aliwavuta mikono. Walikaa siku tatu. Kila baada ya muda, mmoja alikuwa anampiga mwenzake kofi begani na kumwonyesha mstari kwa kidole. Mkubwa wao anasema kwa miaka ishirini alikuwa anakisia kina cha kisima kwa mwaka uliopita na mwaka juzi, akidhani ukame wa miaka mitatu ni jambo jipya. "Kumbe uliwahi kuja mara nne. Umeandikwa humu wote, na mimi nimekuwa nachimba kama kipofu."

Waliacha majalada kumi na manne mezani. Mama Toroli aliyamulika moja moja, polepole, na anasema wazi kwamba alilia na hakujali nani anamwona.

Mpaka jana jioni vitabu 2,207 vilikuwa vimetoka kwenye orodha. Vimebaki 1,639. Amepiga hesabu mwenyewe nyuma ya barua ya onyo: kwa mwendo huu, vitabu kama mia saba havitapona.

"Anajua kwamba vingine vitakwenda," anasema mkuu wa maktaba. "Nami sijabadili masharti. Lakini nikwambie jambo: kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hapa, nina takwimu ninazoziamini. Na zimeletwa na mtu aliyetoroka mafunzo."

Takwimu hizo ndizo zimemletea mkuu maumivu mapya ya kichwa. Kwa kuwa sasa kila kinachosomwa mezani kinahesabiwa, Mama Toroli ameanza kuhesabu na wanaosoma. Kwa siku wanaingia watu wapatao mia moja na arobaini. Wenye kadi ya kuazima ni ishirini na wawili.

"Unaona walichofanya?" anauliza, amesimama wima na mikono kiunoni. "Wamewafungia watu mlango, halafu wakavilaumu vitabu kwamba havitoki. Vitoke na nani? Na bili ya umeme?"

Ameandika barua kwa kamati ya maktaba, akitaka masharti ya bili na barua ya mwajiri yafutwe, na msomaji adhaminiwe na wasomaji wawili wanaofahamika. Kuna sahihi mia moja kumi na nane chini yake. Fundi wa majokofu ametia sahihi, wachimba visima wametia, na mhudumu wa chumba cha watoto ametia kwa herufi kubwa kuliko zote. Mkuu hajatia, ila ameipeleka mezani kwa kamati. Kikao ni Jumatatu ijayo, na Mama Toroli ameomba dakika kumi za kuzungumza. Amejibiwa kwamba vibarua hawahudhurii vikao vya kamati. Anasema atahudhuria.

Mumewe ana wasiwasi. Amemkumbusha kwamba akufukuzaye hakwambii toka, na kwamba mkataba ukikataliwa hakuna atakayeeleza sababu. Vyumba viwili vinalipiwa kodi, na mtoto wa mwisho ana mitihani mwaka huu. Mama Toroli hakatai hofu hiyo, anaijua kwa undani kuliko mumewe. Usiku mwingine inamkosesha usingizi, anasema, na asubuhi anaamka nayo, anaoga nayo, anakuja nayo kazini.

"Lakini nikiinyamazia kamati, hivi nilivyoviokoa vitarudi kwenye orodha miaka mitatu ijayo, na mimi nitakuwa nimechoka. Sitaki vitabu vibaki tu. Nataka vitoke. Nataka nimwone yule binti wa uuguzi anapita mlango huu na kitabu chake kwapani, anakwenda kukisomea kitandani kwao kama watu wengine."

Na kama Jumatatu wakimsikiliza, kisha wasimpe mkataba?

Mama Toroli anatua vitabu alivyovibeba, anamtazama mwandishi kama anayemtazama mtu aliyekunja ukurasa.

"Nitapumzika siku moja, nifue. Kesho yake saa mbili nitapanga foleni kwenye ngazi pale na wenzangu, niingie, nikae meza ya tatu. Nitasoma mpaka jioni, kila siku, na nitaviacha mezani. Na huyo watakayempa toroli langu akija kuviokota, atanikuta nimekaa palepale, nahakikisha amevihesabu."